Kisu Kimemaliza Kazi, Dawa ya Nini Tena?

Kwa wengi wetu wa Pwani, Kisii ni jina la mawe na ndizi. Mawe laini ya Tabaka huchongwa vinyago, bakuli na mabao ya sataranji, yakaja kuuziwa watalii Mombasa na Malindi, na ndizi za huko zina sifa yake kila soko. Wachache wajuao kwamba nchi hiyo ya milima na mvua ilikuwa na mafundi wa kazi nyingine, kazi ya kutisha kidogo kwa asiyeizoea. Walikuwa mafundi wa kupasua vichwa.

Kwa lugha ya Ekegusii fundi huyo aliitwa omobari omotwe, na wakiwa wengi waliitwa ababari emetwe. Mtu akipigwa rungu au akianguka kichwa chini, kisha maumivu ya kichwa yakakataa kumtoka mwezi baada ya mwezi, jamaa zake walimwita fundi. Mgonjwa alishikwa na ndugu zake, ngozi ya kichwa ikachanwa, na mfupa ukakwanguliwa taratibu mpaka utando wa ubongo uonekane. Dawa ya usingizi haikuwako. Edward Margetts, daktari wa Kikanada aliyefanya kazi Nairobi katika hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandikia kwa urefu, na kilichowashangaza madaktari wa Kizungu ni kwamba wagonjwa wengi walipona na kurudi mashambani mwao.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu zina maana kwa jambo nitakalo kulizungumza leo. Watu wa Kisii na Nyamira hawana ugeni na kisu. Kisu wakijua, na waliamini tiba yake kabla hospitali hazijafika. Kisu kina hoja iliyo wazi: kitu kibaya kimo, kitatolewa, na kikishatolewa utakiona kwa macho yako. Kinachowapa taabu leo, kama kinavyotupa taabu sisi wa Pwani, ni kile daktari asemacho baada ya kisu.

Mgonjwa wa saratani hupasuliwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, au kwa Wamisheni wa Tabaka, au huvuka mpaka wa kaunti akaenda Tenwek kule Bomet. Uvimbe hutolewa. Kidonda hupona. Nyumbani watu huja na sukari na unga kumpa pole, na walio na imani yao humshukuru Mungu kanisani, maana wengi wa huko ni Waadventista na Wakatoliki. Kisha siku ya kurudi kliniki daktari humwambia kwamba sasa yafaa aanze tiba ya kemikali, ile ambayo kila mtu huiita kemo, kwa miezi mitatu au minne au sita. Hapo ndipo huulizwa swali lisilokwepeka: “Daktari, mlituambia uvimbe wote umetoka. Ikiwa umetoka, dawa ya nini tena?”

Swali hili si la ujinga. Ni swali ambalo madaktari wenyewe walibishana juu yake kwa miaka mingi, na nusu yake wangali wakibishana.

Anayetaka kulielewa jibu na akumbuke kichuguu. Waweza kukichimba kichuguu chote, ukamtoa malkia na kumwua, na shimo ukalifukia likasawazika. Lakini ikiwa kumbikumbi walikwisha kuruka usiku wa mvua kabla hujaja na jembe, kazi yako njema haiwahusu wao. Wako mahali, hujui wapi. Pengine wote wameliwa na ndege. Pengine wawili wameingia ardhini na mwaka ujao utaona kichuguu kipya nyuma ya nyumba. Saratani nayo huweza kurusha chembe zake ndani ya damu au ndani ya njia za tezi kabla ya siku ya upasuaji. Hakuna mashine ya picha iwezayo kuiona chembe moja moja. Dawa ya baada ya kisu ni ya kuwatafuta hao wasioonekana, na mgonjwa huinywa au hutiwa mshipani bila mtu yeyote kujua kwa hakika kama wako au hawako.

Jambo hili lilithibitishwa mjini Milan, Italia. Mwaka 1976 daktari Gianni Bonadonna na wenzake walitangaza matokeo ya wanawake 386 waliopasuliwa saratani ya titi iliyokwisha kufika kwenye matezi ya kwapani. Wanawake 207 walipewa dawa tatu zilizochanganywa, na 179 hawakupewa kitu baada ya kisu. Baada ya miezi 27, saratani ilikuwa imewarudia takriban 24 katika kila 100 ya wale wasiopewa dawa, na takriban watano tu katika kila 100 ya waliopewa. Miaka 20 ilipopita watafiti hao hao waliwatazama tena. Tofauti ilikuwa imepungua, ila ilikuwako bado. Tangu hapo dawa baada ya kisu ikawa desturi ya dunia.

Lakini desturi ya dunia si jibu la mgonjwa mmoja. Chukua saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye matezi ya karibu. Hesabu waitumiayo madaktari ni kama hivi: katika watu 100 waliopasuliwa, takriban 50 wamekwisha kupona kwa kisu peke yake. Hao dawa haiwaongezei kitu ila taabu. Takriban 30 ugonjwa utawarudia hata wakitiwa dawa. Waliobaki, kama 15 au 20, ndio ambao dawa itawaokoa, na bila dawa wangekufa. Shida ni kwamba siku ya kuanza, hakuna ajuaye yeye ni wa kundi gani. Wote 100 hutiwa dawa kwa ajili ya hao 15 au 20.

Msomaji, ipime mwenyewe hesabu hiyo. Kuna atakayesema: ikiwa nina nafasi moja katika tano au sita ya kuokolewa, nitiwe hata leo. Kuna atakayesema: nina miaka 78, moyo wangu ni mgonjwa, na kati ya 50 waliopona mimi huenda nimo, niacheni. Wote wawili wametumia akili zao. Asiyetumia akili ni yule aliyekubali au aliyekataa bila kuambiwa hesabu yake.

Na hesabu hiyo hubadilika mtu kwa mtu. Uvimbe mdogo wa utumbo ambao haukufika kwenye matezi faida yake ni ndogo sana, na mara nyingi dawa haifai kitu. Kwa saratani ya titi, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wengi ambao uvimbe wao hulishwa na homoni, na matezi yao ni safi, hawapati nyongeza yoyote kutokana na kemo. Kidonge cha kuzuia homoni chawatosha. Kidonge cha tamoksifeni ni cha bei nafuu, humezwa nyumbani kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na kwa mama wa namna hiyo chaweza kumfaa kuliko dripu zote. Saratani ya koo la chakula, ambayo ni balaa kubwa ya nyanda za magharibi ya Kenya, ina utaratibu wake, na mara nyingi huko dawa hutangulia kisu badala ya kukifuata.

Hayo yote yamo katika karatasi moja tu, ripoti ya maabara ya nyama iliyotolewa. Ningependa kulikaza neno hili. Mahali pengi nchini mwetu, baada ya upasuaji jamaa hukabidhiwa ile nyama ndani ya chupa yenye dawa ya kuhifadhi, wakaambiwa waipeleke maabara na kuilipia. Fedha zikiwa zimekwisha kwenye upasuaji, chupa hukaa juu ya kabati wiki tatu, au ripoti hutoka na hakuna aendaye kuichukua. Wakati huo saa inakwenda. Kwa utumbo mpana madaktari hutaka dawa ianze ndani ya wiki sita hadi nane baada ya kisu. Kwa titi, miezi mitatu isipite. Anayekuja baada ya miezi saba kusema sasa nimekubali, aghalabu ameikubali dawa ambayo faida yake imekwisha kupungua sana. Bila ripoti ile, hata daktari bingwa wa Nairobi hubaki akikisia.

Watu husema kemo ni sumu, na wasemao hivyo hawakukosea. Asili ya dawa hizi ni gesi ya haradali ya vitani. Mwaka 1942 madaktari wa chuo cha Yale, Marekani, walimtia mgonjwa wa saratani ya tezi dawa ya ukoo wa gesi hiyo, na uvimbe ukanywea kwa muda. Ila si zote zilizotoka vitani. Lile ua dogo la waridi na jeupe, asili yake Bukini, liotalo lenyewe mchangani kwetu Pwani na ambalo watu hulipita bila kulitazama, ndilo lililotoa dawa ya vinkristini iliyookoa watoto wengi wenye saratani ya damu.

Wala si ya Wazungu peke yao. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Alizunguka bara hili kwa gari mwaka 1961 akiuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe huo uko wapi na hauko wapi, akaona kwamba wapenda nchi za joto za chini, kama kandokando ya Ziwa na kwetu mwambao, na huwakwepa watu wa milima mirefu. Kisu hakikumfaa. Uvimbe ulirudi. Akaweka kisu chini, akajaribu dawa, na watoto ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibika walirudi sura zao kwa siku chache. Mwaka 1967 Kampala ikafunguliwa taasisi ya saratani ambayo mpaka leo yatibu. Ni jambo la kupendeza kwamba mtu wa kisu ndiye aliyeifundisha Afrika Mashariki kazi ya dawa.

Hoja nyingine isikikayo sana, Kisii na Mombasa sawasawa, ni ile ya wakubwa. Mwezi Julai 2019 Kenya ilifiwa kwa mfululizo: Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1, Ken Okoth mbunge wa Kibra tarehe 26, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet iliyopakana na Nyamira, tarehe 29. Watu wakasema: wale walikuwa na fedha, walitibiwa ng’ambo, na wakafa, mimi na ng’ombe wangu mmoja nitapona vipi? Uchungu wa maneno hayo twaujua. Lakini hayakutengemaa. Collymore aliugua saratani ya damu, ambayo haina uvimbe wa kupasuliwa. Okoth mwenyewe aliutangazia umma kwamba ugonjwa wake ulijulikana umekwisha kufika hatua ya nne. Aliyepasuliwa mapema na uvimbe ukatoka wote hayuko katika safari yao, na kujipimia kwa mizani yao ni kujidhulumu.

Na kuna njia za mkato. Mwaka 2011 magari yalipiga foleni ya siku nyingi huko Samunge, Loliondo, Tanzania, kwenda kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania, na Wakenya walikuwamo kwa wingi. Sitaki kumcheka mtu aliyekwenda. Mwenye maradhi hushika hata unyasi. Ninalolijua ni kwamba mitishamba mingine hupita kwenye ini lile lile lipitishalo kemo, na anayechanganya vyote viwili bila kumwambia daktari amejiwekea mtego. Aseme tu. Daktari mwema hatamfokea.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo vitabu vya Ulaya havikuyaandikia Nyamira. Moja ya dawa za utumbo mpana, oksaliplatini, huua ganzi vidole. Mgonjwa hushika chuma cha baridi asubuhi akahisi kama amechomwa, na kwa wengine ganzi hubaki hata baada ya tiba kwisha. Kwa karani wa benki hilo ni udhia. Kwa mama wa Kebirigo au Nyansiongo ambaye huchuma majani ya chai kwa ncha za vidole, alfajiri, penye umande wa baridi, hilo ni swali la chakula. Kwa mchongaji wa Tabaka ni swali la ufundi wake wote. Mwaka 2018 utafiti uliokusanya nchi nyingi ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao saratani yao si ya hatari sana, miezi mitatu ya dawa ile hukaribia sana kufaa kama miezi sita, na ganzi hupungua mno. Mgonjwa anayeulizwa kazi yake ni nini ana bahati. Asiyeulizwa na aseme mwenyewe.

Jingine ni homa. Siku saba hadi 14 baada ya kutiwa dawa, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hushuka sana. Homa ikimpata mtu wakati huo, kipimo kikifika 38, ni jambo la kukimbilia hospitali usiku huo huo, si kesho. Nasi watu wa nchi za malaria, Kisii hata Kilifi, tumezoea homa. Homa ikija tunanunua vidonge dukani, tunajifunika blanketi, tunangoja kupambazuke. Mazoea hayo yanaweza kumwua mgonjwa wa kemo kwa siku moja, na jamaa wakasema ameuawa na saratani. Kabla ya kukubali dawa, nyumba yenye busara hujiuliza: usiku wa manane, mvua ikinyesha na barabara ni tope, nani mwenye gari au pikipiki, na namba yake tunayo?

Fedha ndiyo mlima wa mwisho. Bima mpya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka na 150,000 za nyongeza kutoka mfuko wa maradhi sugu. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba kitapandishwa. Kwa dawa za kawaida hicho ni kitu. Kwa dawa mpya za gharama hukatika njiani, na dawa iliyokatika katikati ni hasara ya pande mbili. Familia nyingi za huko hungoja bonasi ya majani chai, ilipwayo mara moja kwa mwaka, ilhali ugonjwa haungoji bonasi. Bima hailipi nauli wala siku alizoacha kazi kijana aliyemsindikiza mama yake. Ndiyo maana kutiwa dawa karibu na nyumbani ni jambo kubwa, kama wenzetu wa Mombasa walivyo na kituo katika hospitali kuu ya Pwani. Kisii iliahidiwa kituo chake kikubwa cha saratani kwa fedha za benki ya Kiarabu ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, na mradi huo ukasuasua kwa miaka huku wagonjwa wakipanda mabasi ya Eldoret na Nairobi.

Sasa nani aamue? Hapa desturi ya Kisii na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Daktari humwita mtoto wa kiume kando na kumnong’oneza. Wazee na wana hukutana, huhesabu ng’ombe, huamua, na mama mwenyewe huambiwa kwamba ni vidonda vya tumbo na sindano hizi ni za kuongeza nguvu. Hufanywa kwa mapenzi. Lakini mama asiyejua ana nini hawezi kusema kwamba yeye, kwa kweli, angependa kuliona harusi ya mjukuu wake Desemba akiwa na nguvu zake kuliko kuwa kitandani. Wala hawezi kujua kwamba homa yake ni ya hatari.

Kwetu Waislamu mfano uko karibu. Imepokewa kwa Ibn Abbas kisa cha mwanamke aliyekuwa na kifafa akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka aombewe. Aliwekewa mbele mambo mawili, kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Aliulizwa yeye. Si mumewe wala kaka yake. Akachagua kusubiri, na akaomba tu kwamba asifunuke mwili wakati wa kuanguka. Katika mwezi wa Mei 1992 Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, wanavyuoni waligawanya hukumu ya matibabu: ni wajibu pale ambapo kuacha kutaleta kifo au kupoteza kiungo, ni jambo la kupendekezwa pale ambapo kuacha kutaudhoofisha mwili, na ni makuruhu pale ambapo tiba yahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi. Wakasema pia kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ni lazima atoe idhini yake. Kwa maoni yangu, dawa ya baada ya kisu yaweza kuangukia popote katika hukumu hizo, kufuatana na ripoti ya maabara na umri wa mtu. Kwa hiyo atakayemwendea sheikh wake kuuliza na aende na ile hesabu ya daktari mkononi, maana sheikh naye ataihitaji.

Anayekubali huandikiwa tarehe, na kabla ya dripu ya kwanza mwanamke kijana anayetaka kuzaa aulize mapema, kwa kuwa dawa nyingine hufunga uzazi. Akiwa Muislamu na Ramadhani imeingia, ruhusa ya mgonjwa ni yake. Anayekataa hapaswi kufukuzwa kliniki wala kujificha kwa haya. Yeye ndiye ahitajiye zaidi kuonekana kila miezi mitatu au sita, apimwe, apigwe picha, ili ugonjwa ukirudi ukutwe ungali mdogo. Akibadili nia wiki ya tano, mlango ungali wazi. Kadi yake ya hospitali isipotee.